Kabati Likianguka, Choma

Tangu mniage kwa keki na vitenge, simu zenu hazikauki. Mara sista ile friji ya chanjo inalia, mara sista kuna baba mzima kajifungia chooni anaogopa sindano. Lakini swali linalorudi kuliko yote ni la televisheni. Kwa nini chumba cha sindano kina katuni moja tu, ya paka na mbwa, na kwa nini kila mliyemkuta kazini anawaambia, "Kabati likianguka, choma"? Mmoja wenu kaniambia alidhani ni mwongozo wa wizara. Haya, nimekaa barazani kwangu, mtaa wa Picha ya Ndege, miguu imevimba kidogo, kazi sina, nawaandikia. Vyeo na mshahara siviandiki. Vyeo vilinifikia vikiwa vimechoka njiani, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilikuja Kibaha kutoka Singida nikiwa msichana mwembamba, mnaweza msiamini. Siku ya kwanza nilipangiwa chumba cha sindano, na kabla sijafika mlangoni nilisikia vilio vya watoto waliokuwa hata hawajaguswa. Walikuwa kwenye benchi nje, wanasikilizana. Mmoja akianza, benchi zima linapokea. Nikaingia, nikamkuta Sista Felista.

Sista Felista alikuwa mfupi, miguu matege, miwani yake imefungwa na plasta ya hospitali upande mmoja. Hakunisalimu. Alimgeuza mtoto juu ya meza, akachora kwa kidole msalaba hewani juu ya tako lake, akasema sehemu ya juu, upande wa nje, hapo tu. "Ukichoma kwingine utamlemaza mtoto wa watu," akasema, "na mimi nitakulemaza wewe." Nikachoma. Mtoto akalia, mimi nikataka kulia. Wiki nzima nilikuwa nikimwona mama yake sokoni namfuata nyuma kwa mbali, nihakikishe mtoto anatembea sawasawa. Mama yule mwishoni alinishuku kuwa mwizi.

Hofu hiyo sikuwahi kuiacha. Mnanisifu kwamba nilikuwa na mkono mwepesi. Mkono ulikuwa mwepesi kwa sababu moyo ulikuwa mzito, na ningewashauri muogope kidogo kila siku. Muuguzi asiyeogopa sindano yake mwenyewe simpi mtoto wangu.

Sasa hiyo katuni. Sista Felista alikuwa na deki nyumbani, zile za mkanda, na wanawe walikuwa wakigombana juu yake mpaka akaibeba akaileta kazini kuwakomoa. Ilikuja na mkanda mmoja. Mwanawe mkubwa alikuwa amerekodi katuni ya paka na mbwa juu ya mkanda wa harusi ya shangazi yake, kwa hiyo katuni ikikatika tu anatokea bibi harusi anakatiwa keki. Tulikuwa tunajitahidi kumaliza kuchoma kabla ya bibi harusi, maana akishatokea watoto wanakumbuka wako wapi, wanaanza upya.

Katuni yenyewe haina maneno. Hilo ndilo lililotufaa. Mtoto wa Mzaramo, wa Mchaga, wa Msukuma, wote walielewa. Mbwa mnene kapewa kazi ya kulinda samaki wa kukaanga. Paka mkonde anaingia dirishani. Mbwa anamkimbiza, paka anampiga na kikaango, paaa, uso wa mbwa unakuwa bapa kama chapati. Wanakimbizana ngazini, jikoni, kitandani kwa mwenye nyumba, halafu kabati la vyombo linawaangukia wote wawili. Sahani zinavunjika moja moja, na ile ya mwisho inakawia, inazunguka, inazunguka, ndipo inavunjika.

Sista Felista ndiye aliyegundua. Mtoto anayesubiri sindano hukaza mwili mzima, na msuli uliokazwa unauma mara mbili. Lakini kabati likianguka, mtoto hucheka, na akicheka msuli unalegea. Hapo ndipo unapochoma. Wakati sahani ya mwisho inazunguka wewe ushamaliza, unabonyeza pamba. Anaweza akalia baadaye, lakini analia huku anacheka, na huyo ni rahisi kumvalisha nguo. Tulilichukua kama sala. Wanafunzi wa uuguzi walifika kwetu na madaftari yao, sisi tunawaambia sikilizeni vyombo.

Nasema sikilizeni, kwa sababu sisi wenyewe hatukuwahi kuitazama. Televisheni iko ukutani mbele ya mtoto, na muuguzi yuko upande wa pili, na anapotazama si pazuri. Miaka yote ile niliijua katuni kwa mgongo. Nilijua kila kishindo, kila mlio wa paka, na sura ya paka sikuijua. Na mtoto akishachomwa anatolewa aingie mwingine, tunarudisha nyuma, tunaanza tena na samaki. Mkanda ulipochakaa, fundi wa kompyuta alituhamishia kwenye flashi. Akahamisha na harusi, maana hakujua akate wapi.

Basi nimewachekesha vya kutosha, sasa tulieni.

Katika magonjwa yote yaliyopita mlangoni kwetu, hakuna lililoninyima raha kama kichaa cha mbwa. Malaria unaipima. Kidonda unakiona. Huu ugonjwa mnyama anang'ata, halafu kimya. Mtu anarudi shamba, anacheka, anapanga kuoa, na wewe hujui kama ugonjwa umelala mwilini mwake au haumo. Ukishaamka hakuna dawa. Hakuna, wadogo zangu. Chanjo ni ya kabla.

Nilikuwa bado mgeni kazini alipoletwa kijana mchoma mkaa kutoka Chole, ile ya Kisarawe. Aling'atwa na mbwa miezi kadhaa nyuma, akaona jambo dogo, akafunga kitambaa. Midomo ilikuwa imemkauka. Sista Felista akampa kikombe cha maji. Kijana akakipokea kwa mikono miwili, akakisogeza mdomoni, koo likamkaba, kikombe kikaruka mpaka ukutani. Anayataka maji, na anayaogopa. Upepo wa dirishani ukimgusa anashtuka mwili mzima. Mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Sista Felista alinitazama, akatikisa kichwa, na siku chache baadaye tukaukabidhi mwili wake kwa ndugu zake. Tangu hapo nikimwona mgonjwa anasukuma kikombe cha maji, hata kama ni kwa kununa tu, naacha kila kitu nimtazame koo.

Miaka mingi ikapita ndipo akaja Mwajuma. Alikuwa darasa la nne, kaletwa na bibi yake, Bibi Mwanahawa, kutoka Vihingo. Kwao chanjo ilikuwa imekwisha, wakaelekezwa waje kwetu kwa njia ya Mlandizi. Mbwa asiyejulikana alimng'ata kwenye shavu la mguu akienda kisimani, na wanaume wa pale wakamuua mbwa huyo kwa fimbo. Bibi alikuwa ameosha kidonda mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyomfundisha mbwa akigusa kitu. Maji mengi ni jambo zuri sana, na nilimsifu. Udongo ilibidi niutoe kwa sabuni na subira. Nikamwambia mara nyingine atumie sabuni tu. Bibi akanikazia macho, akaniuliza kwani mimi nina mpango wa mara nyingine.

Nikawasha televisheni. Mwajuma alipoona mbwa alipiga ukelele akaingia chini ya meza. Jamani, hilo hatukuwa tumelifikiria. Kwa miaka yote tulikuwa tunawatuliza walioumwa na mbwa kwa kuwaonyesha mbwa. Nikanyoosha mkono nizime, na hapo hapo kikaango kikatua, paaa. Kimya chini ya meza. Kichwa kikatoka.

"Apigwe tena," akasema.

Nikarudisha nyuma, akapigwa tena. Siku ile mbwa alipigwa mpaka nikamhurumia, na Mwajuma akachomwa akiwa hana habari. Ratiba ya chanjo ile mnaijua, mtu anarudi na kurudi kwa karibu mwezi mzima, na kila akija anaagiza kikaango kama mtu anayeagiza chai. Nilimpenda mtoto yule. Alikuwa na ulimi, na mimi napenda watoto wenye ulimi.

Siku ya sindano ya mwisho hapakuwa na foleni, mvua ilikuwa imewazuia watu. Mwajuma akaomba zawadi: aione katuni mpaka mwisho. Nikaona haki yake. Nikavuta kiti, nikakaa naye, na kwa mara ya kwanza nikaitazama ile katuni kwa macho badala ya mgongo.

Baada ya kabati kuna sehemu sikuwa naijua. Paka anatumbukia kwenye beseni la kufulia. Anatoka amelowa, amemeza sabuni, povu linamning'inia mdomoni, anapepesuka, anagonga ukuta, anarudi, anagonga tena. Mbwa akimwona hivyo anakimbia yeye. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Nilipogeuka, Mwajuma hacheki.

"Paka wetu naye alikuwa hivyo," akasema.

Nikamuuliza hivyo vipi. Akasema mate yalikuwa yanamtoka, anatembea upande, halafu anarukia watu, na bibi alimfukuza jikoni kwa mwiko. Yule mbwa, kabla ya kumfuata yeye kisimani, alipita uani kwao akamkamata paka akamtikisa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, macho bado yako ukutani. Nikamuuliza paka yuko wapi sasa.

"Kapotea. Alimng'ata Rajabu, halafu ndiyo akapotea."

Rajabu alikuwa mdogo wake, wa darasa la kwanza. Nikamwita bibi aingie.

Bibi Mwanahawa hakuwa ameficha kitu. Hilo nataka mlielewe, msiende kugombeza watu. Alishangaa kabisa. Paka? Kamparua mtoto, yapata siku nne sasa, naye kamsafisha kidogo akampaka binzari, kumepona. Nikawaza, mimi nawauliza watu maisha yangu yote "nani mwingine kang'atwa na mbwa?" na wao wananijibu sawasawa nilivyowauliza. Mbwa kwao ni wa nje, akikugusa unaosha mara saba. Paka ni mtu wa nyumbani. Anaonja kwenye chungu, anakunywa kwenye mtungi na maji hayamwagwi, usiku analala na mtoto ndani ya chandarua. Nani atamhesabu paka? Na kwetu Singida, ambako tuna mbwa mlangoni na hatuoshi kitu mara saba, nako tusingemhesabu.

"Alimng'ata wapi, bibi?"

Akagusa mdomo wake wa juu. "Hapa. Alikuwa kalala naye."

Wadogo zangu, mnajua maana yake. Mguuni ugonjwa una safari ndefu mpaka kichwani. Mdomoni ni jirani. Nikaenda kwa daktari nikiwa nakimbia, mimi niliyekuwa nawafokea nyie mkikimbia kwenye korido. Daktari akasema mtoto aletwe kesho. Nikamwambia kesho mvua ikikata barabara ya kule, je? Akanitazama, akaona sibishaniki, akasaini. Nikachukua kichupa cha chanjo, nikakipanga kwenye kisanduku cha barafu, tukaondoka watatu. Kutoka Mlandizi tulichukua bodaboda mbili. Kisanduku nimekipakata kama kichanga, kila tukiruka tuta nasikia barafu inagonga, na mimi nawaza inayeyuka, nawaza mtoto atakuwa kapelekwa kwa ndugu Kisarawe, nawaza siku nne zimekwisha pita. Dereva alinisemesha njia nzima kuhusu bei ya matope, maana alisema matope ya kule yanamla tairi, niongeze nauli.

Rajabu tulimkuta anasukuma tairi uani. Jeraha lilikuwa limefunga, vidoti viwili juu ya mdomo na mstari mwembamba. Nilimkalisha nikaosha kwa sabuni na maji ya kumiminika, muda mrefu sana, mpaka akaniapiza kwa maneno ambayo bibi yake alisema hajui kayajifunzia wapi. Ile dawa nyingine ya kuchoma kuzunguka jeraha, inayokinga wakati chanjo bado haijashika, hatukuwa nayo, na wengi wenu hamjawahi kuiona kwa macho. Nikamchoma chanjo mkononi. Hapakuwa na kabati wala kikaango, Vihingo nzima ilisikia.

Sindano zilizofuata aliletwa Kibaha, hakukosa hata moja, na kwenye beseni la sabuni alicheka kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumchoma. Dada yake alikuwa hatazami sehemu hiyo. Daktari aliniambia faragha kwamba tulichelewa kidogo na mahali penyewe ni pabaya, tumwombe Mungu. Bibi nilimwambia tu kwamba Rajabu akiumwa chochote, hata mafua, anipigie. Habari ya maji sikumwambia. Niliona nikimwambia, kila mtoto akikataa kikombe yeye atakufa kabla ya mtoto.

Kwa hiyo hofu ile nikawa naibeba mwenyewe. Nikipika naifikiria. Nikiwa kanisani naifikiria. Mume wangu aliniuliza kama nimepata mtoto wa nje ya ndoa huko Vihingo, maana jina Rajabu lilikuwa halinitoki.

Ramadhani ikaingia. Siku moja asubuhi nikapokea simu, Mwajuma kaazima ya jirani. Rajabu alikuwa na homa tangu jana, leo imepungua, lakini kalala tu, hataki kucheza. Nikamuuliza anakula. Akasema hali. Habari ya maji sikuuliza. Nikaomba ruhusa, nikaondoka bila kunywa chai.

Nilifika adhuhuri. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, karibu, akaniletea kigoda. Rajabu alikuwa kwenye jamvi kivulini nyuma ya nyumba, kajikunja. Nikamgusa, joto lilikuwa dogo sana. Nikamwomba Mwajuma maji nimnyweshe mtoto dawa ya homa. Maji yakaja kwenye kikombe cha bati. Nikayasogeza mdomoni kwake.

Rajabu akakaza midomo. Akakisukuma kikombe kwa mkono, akageuza uso kuelekea ukutani.

Sijui kama niliwahi kuogopa vile tena. Nikamsikia bibi kwa mbali akicheka, akisema nimwache, amefunga huyo. Mwaka huu kaapa kufunga kama wakubwa. Jana alimfungulisha kwa nguvu kwa ajili ya homa, akalia mpaka usiku kwamba wenzake watamcheka, na leo homa ilipopungua kakataa hata uji wa asubuhi.

Amefunga. Nikashika neno hilo kama mtu anayeshika kamba. Lakini nikiwa bado nalishika, Rajabu akainua kichwa akatema mate. Akalala. Baada ya kitambo akatema tena. Nikamwuliza bibi kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, mbona anatema sana? Bibi akasema watoto wanaoanza kufunga wote ndivyo walivyo, wanaogopa kumeza mate saumu isiharibike. Mimi ni Mkristo wa Singida. Nitajuaje kama ni kweli watoto wote, au bibi naye anajifariji?

Nikachukua kipepeo cha ukili nikampepea taratibu. Akafumba macho. Amefumba kwa raha, au upepo unamsumbua? Nikaacha. Nikapepea tena. Bibi akaniambia nisijichoshe, mtoto hasikii joto.

Najua mtaniuliza: sista, mgonjwa hafungi, mbona hukumwamuru anywe? Ningeweza. Bibi angenisikiliza, alikuwa mwelewa. Ukweli ni kwamba niliogopa kujua. Maadamu kafunga, ni mtoto aliyefunga. Nikimlazimisha kikombe na koo likamkaba, basi nimeliona, na nikiliona siwezi kuliondoa. Nikamwangalia mapigo, nikaona hana hatari ya haraka, nikajiambia nitasubiri magharibi. Bibi akaniuliza kama sirudi Kibaha. Nikasema leo nimechoka, nitakaa kidogo.

Jioni ile haikuwa inakwenda. Bibi alimenya mihogo na magimbi, nikamsaidia, nikajikata kidole. Mwajuma alinisimulia katuni nzima kana kwamba mimi sijaiona. Majirani walipita wakasalimia, wakaulizana sista kaja kufanya nini. Waliniletea ndizi, wakasema mgeni hafungi. Nikashukuru, nikaziweka kando. Na kila mara sikio langu lilikuwa jamvini: katema, hajatema, kageuka, kakohoa. Alipokohoa nilisimama.

Jua likashuka nyuma ya mikorosho. Bibi akatandika mkeka uani, futari ikapangwa, tende kwenye kisahani, maji kwenye vikombe vya bati. Rajabu akaja mwenyewe, anatembea polepole, akakaa karibu na bibi yake. Alikuwa anavitazama vile vikombe. Nikawa natazama macho yake, nisiweze kusoma kitu.

Adhana ikatoka msikitini.

Rajabu akachukua tende. Akasoma dua yake midomo ikicheza, dua ndefu ya mtoto anayetaka wakubwa waone kwamba anaijua yote. Akatafuna tende. Akachukua kikombe kwa mikono miwili, na mimi nikaona mikono ya yule kijana wa Chole. Akakipeleka mdomoni.

Koo likapanda, likashuka. Likapanda, likashuka. Akanywa mpaka chini, akashusha pumzi, akafuta mdomo kwa kiganja.

Ilikuwa homa ya kawaida ya watoto, na hakuna kilichokuja kuamka, si jioni ile wala miaka iliyofuata. Lakini wakati ule nililia. Nililia kwa sauti mbele ya watu na futari yao, mwanamke mzima na sare ya kazi. Bibi Mwanahawa akauliza kulikoni, nikashindwa kuficha tena. Nikamwambia yote: kwamba ugonjwa ule ukiamka mtu hawezi kumeza maji, kwamba nilikuwa nimekaa tangu adhuhuri nikisubiri kuona kama mjukuu wake atayameza, kwamba kwa miezi nimekuwa nikilala na kuamka na kikombe hicho.

Kikombe cha bibi kilikuwa mkononi mwake, hajakigusa. Alikitazama, akamtazama Rajabu, akakiweka mbele yake.

"Kunywa na hiki," akasema. "Nikuone."

Rajabu akanywa. Bibi akajaza kingine. Rajabu akanywa, safari hii polepole, anamtazama bibi yake kwa juu ya kikombe kwa wasiwasi. Bibi akajaza tena.

"Bibi, nimeshiba maji. Nataka muhogo."

"Muhogo upo. Kunywa."

Akanywa. Mwajuma akaanza kucheka, nami nikacheka huku kamasi zinanitoka. Bibi Mwanahawa alikuwa ameinama kabisa, uso wake karibu na shingo ya mtoto, anaangalia koo lile linavyopanda na kushuka, na mkono wake unapapasa mtungi kutafuta kata. Alikuwa amefunga tangu alfajiri, na bado alikuwa hajatia kitu mdomoni.